Nyumba Imekwisha, Familia Bado

Ukitoka Tegeta kuelekea Bunju, au ukiiacha Barabara ya Kilwa pale Mbagala Rangi Tatu ukaingia njia ya Chamazi na Mbande, hukosi kuziona. Ukuta mrefu uliopigwa plasta, geti jeusi, bati la rangi, madirisha ya aluminiamu ambayo bado yana nailoni ya kiwandani. Ndani hamna mtu, isipokuwa kijana wa ukoo anayelala chumba cha uani, anayefagia majani ya mwembe na kununua umeme wa LUKU wa kutosha taa mbili za nje. Mwulize mama ntilie wa barabarani nyumba ile ni ya nani, atakujibu bila kufikiri: ya mtu wa majuu. Ya nesi aliyeko Uingereza, ya dereva wa malori aliyeko Marekani, ya baba fulani wa Sweden. Wenyewe wanatarajiwa Desemba. Wapo wanaotarajiwa Desemba tangu enzi za Kikwete.

Mtanzania wa nje anayetaka kurudi na familia huanza na nyumba kwa sababu inayoeleweka: ni kitu pekee katika safari nzima kinachoweza kufanywa kwa mbali, kidogo kidogo, kwa pesa ya mwisho wa mwezi. Mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, mwaka wa tatu kupaua. Uraia wa watoto, shule yao, kazi ya mama na pensheni ya baba havinunuliwi kwa mifuko ya saruji, kwa hiyo huahirishwa. Siku nyumba inapokwisha ndipo inapoonekana kwamba mengine yote yanatakiwa yajipange kuizunguka, na mahali pake palichaguliwa na bei ya kiwanja miaka 15 iliyopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi uliojulikana kama Viwanja 20,000. Ulipima maeneo ya pembezoni: Bunju, Boko, Mbweni na Mivumoni upande wa Kinondoni; Toangoma, Kibada, Gezaulole na Mwongozo upande wa Temeke ya wakati huo. Kwa mtu wa nje huo ulikuwa mlango mzuri: kiwanja kilichopimwa, chenye namba ya kitalu, kinachoweza kupata hati. Wengi hawakuupitia. Walinunua kwa mwenye shamba la mikorosho au minazi, kwa karatasi iliyoandikwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, pesa ikipita mkononi mwa kaka au shemeji. Ndivyo Goba, Madale, Chamazi na Mbande zilivyojaa. Jiji lenyewe likafuata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kati ya sensa hizo mbili Kinondoni ikazaa Wilaya ya Ubungo na Temeke ikazaa Kigamboni, na hata baada ya kumegwa, Temeke peke yake ilibaki na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328.

Kuhusu ujenzi wa mbali, kila aliyeishi nje ana hadithi ya mjomba aliyetumiwa pesa ya kupaua akanunua Noah, au ya ndugu aliyekuwa akituma kwa WhatsApp picha za boma la jirani. Hadithi hizo zina ukweli wake, na Watanzania wa Leicester au Houston wakikutana ndizo zinazomaliza usiku. Ila zimepewa nafasi kubwa kuliko uzito wake. Aliyepigwa hujua amepigwa, akabaki huko huko akijikusanya upya. Mwenye mtihani mkubwa zaidi ni yule ambaye ndugu yake alikuwa mwaminifu, lenta ikafungwa kwa nondo zilizotakiwa, vigae vikawekwa, vyumba vinne vikakamilika, halafu familia ikaja kuishi humo.

Nyumba hiyo iko Bunju, kiasi cha kilomita 30 kutoka Posta. Ilipangwa na mtu aliyekuwa likizo, na mtu wa likizo hatoki nyumbani saa 11 alfajiri. Anakodi gari, anakwenda Kunduchi kwa saa anayotaka, anarudi usiku barabara ikiwa tupu. Mkazi hukutana na jiji lingine kabisa. Barabara ya Bagamoyo ilipanuliwa kutoka Mwenge hadi Tegeta kwa msaada wa Japani, na hilo lilipunguza mateso, lakini watu waliendelea kusogea mbele na foleni ikasogea nao. Upande wa Temeke, Barabara ya Kilwa imejengewa njia ya mwendokasi hadi Mbagala. Aliyejenga Mbande bado anatakiwa afike Rangi Tatu kwanza, kwa daladala au bodaboda, na wakati wa masika njia za ndani huwa hazipitiki. Watoto wa shule za binafsi hupitiwa na basi jua halijachomoza, wengine wanakunywa uji wao humo humo ndani. Mtoto aliyezoea kutembea dakika kumi hadi darasani hilo peke yake linatosha kumliza wiki nzima.

Maji nayo yana hesabu yake. Dar es Salaam hutegemea kwa kiasi kikubwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mwishoni mwa 2022, mvua zilipochelewa na mto ukapungua, jiji zima liliingia kwenye mgawo. Wenyeji hawakushangaa sana: simtanki juu ya mnara, kisima uani, namba ya mwenye boza kwenye simu. Aliyejenga akiwa nje mara nyingi ameweka bafu tatu za ndani na tangi moja la lita elfu moja.

Hayo hurekebishika kwa pesa. Yasiyorekebishika kwa pesa yako kwenye sheria, na hapo ndipo familia nyingi hukwama bila kutarajia, kwa sababu sheria ya uraia haiitambui familia. Inamtazama mtu mmoja mmoja.

Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwao. Mtoto aliyezaliwa nje hupata uraia kwa kurithi ikiwa, siku aliyozaliwa, baba au mama alikuwa raia wa Tanzania, mradi mzazi huyo naye asiwe ameupata uraia wake kwa kurithi. Akifikisha miaka 18, mwenye uraia wa pande mbili anatakiwa achague. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa kila kipande chake kinapatikana mitaani. Binti wa Yombo Vituka alikwenda Leicester 2004 akasomea uuguzi. Akaolewa na Mghana. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2008, mama bado ana pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 mama akachukua uraia wa Uingereza, kwa sababu za kawaida kabisa: kazi, mkopo wa nyumba, kuchoka na foleni za viza. Mtoto wa pili akazaliwa 2014. Leo wanataka kurudi Temeke. Mama, aliyezaliwa Temeke, anafika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na kulipa dola 50 za viza kama mtalii wa Kiingereza; angekuwa na pasipoti ya Marekani angelipa 100. Mtoto wa kwanza ni Mtanzania, na mwaka 2026 anatimiza miaka 18, yaani anaingia nchini na kukutana na swali la kuchagua. Mdogo wake wa tumbo moja si Mtanzania. Baba anahitaji kibali cha ukaazi. Watu wanne wanaokula sinia moja wana hali nne tofauti mbele ya afisa wa Uhamiaji.

Na nyumba? Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taratibu za uwekezaji. Ndiyo maana nyumba nyingi za watu wa majuu zimeandikwa jina la mama mzazi au la dada. Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka mwenye jina anapofariki, wajukuu na wapwa wakakaa kikao cha mirathi, na karatasi ya serikali ya mtaa ikawa inamtaja marehemu peke yake. Aliyetuma pesa miaka kumi hujikuta akitafuta risiti za kutuma pesa ili kuthibitisha kwa ndugu zake jambo ambalo kila mmoja wao analijua.

Mjadala wa uraia pacha ni wa siku nyingi. Katika mchakato wa katiba mpya, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliishia kwenye hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na mchakato wenyewe ukasimama. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuileta hadhi hiyo kwa njia ya sheria za kawaida: mwenye asili ya Tanzania aweze kuingia, kukaa na kumiliki ardhi bila kurudishiwa uraia. Majirani walikwenda mbali zaidi. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010, Uganda ilishafungua mlango huo kwa marekebisho ya katiba ya 2005. India, ambayo nayo hukataa uraia pacha, ina kadi ya watu wa asili yake walioko nje, lakini hawawezi kununua mashamba kwa kadi hiyo. Ethiopia ina kitambulisho cha aina hiyo tangu 2002. Tanzania imechagua njia ya India na Ethiopia. Ni njia inayomfaa mtu mmoja anayetaka kuwekeza. Kwa familia inayotaka kuhamia, bado inabaki shughuli ya kuwapanga baba, mama na watoto kila mmoja kwenye fungu lake.

Hata ambao hawakupoteza uraia wana ngazi zao. Hatua ya kwanza ya maisha ya mjini ni laini ya simu, na laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Aliyeondoka kabla vitambulisho vya taifa havijasambaa harudi na namba hiyo mfukoni. Anaanza na mjumbe, kisha barua ya mwenyekiti wa mtaa, mtaa ambao hajaishi hata wiki mbili, kisha ofisi ya wilaya. Bila NIDA hapati TIN kirahisi, na benki nazo zitamsumbua. Mwenye busara hulimaliza hili kwenye likizo ya mwaka mmoja kabla ya kuhama. Ni pendekezo dogo, lakini katika yote yaliyomo kwenye makala haya pengine ndilo lenye faida ya haraka zaidi.

Halafu kuna kontena. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehamia kweli kweli kwa vyombo vyake vya nyumbani vilivyotumika, pamoja na gari moja, kwa sharti kwamba amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya melini. Vitu vinatakiwa viwasili pamoja naye au ndani ya siku 90, na kamishna anaweza kuongeza muda. Wanaonunua gari mwezi wa mwisho wakidhani watalipitisha humo hukutana na ushuru, VAT ya asilimia 18 na ile wanayoiita kodi ya uchakavu, na siku zinazopotea kwenye mabishano zinahesabiwa na bandari kavu kwa tozo ya kuhifadhi mzigo.

Hapa aliyetoka Uingereza na aliyetoka Marekani hawako sawa hata kidogo. Gari la Uingereza lina usukani kulia, kama linavyotakiwa kwenye Barabara ya Kilwa. Plagi yake ni ya miguu mitatu ya bapa, ile ile iliyoko ukutani Mbagala, na umeme ni wa volti 230 kote kuwili. Aliyetoka Marekani ana usukani kushoto na jokofu la volti 120, na hata akinunua transfoma bado masafa ya umeme hayalingani: 60 kule, 50 huku. Mashine ya kufulia iliyosafirishwa kutoka Minneapolis hugeuka kabati. Hesabu ya busara kwa mtu wa Marekani ni kuuza karibu kila kitu kinachochomekwa ukutani na kununua upya Kariakoo. Wachache hufanya hivyo, kwa sababu vitu hivyo vilinunuliwa kwa zamu za usiku, na kuviacha kando ya barabara huonekana kama kudharau usiku wenyewe.

Suala la shule ndilo linaloweza kuirudisha familia ilikotoka kabla mwaka haujaisha. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari. Wa Uingereza huanza Septemba, wa Marekani Agosti. Mtoto anayemaliza darasa Julai ama anaingizwa katikati ya mwaka ama anakaa miezi mitano nyumbani na bibi. Akiingia, anakutana na mfumo unaohesabu mitihani: upimaji wa taifa darasa la nne, mtihani wa mwisho wa msingi, upimaji wa kidato cha pili ambao anayeshindwa hurudia mwaka. Na mfumo wenyewe uko kwenye mabadiliko. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo mzazi anayepanga kurudi leo anapanga kwa ramani inayochorwa upya.

Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne kwenye shule za serikali haina ada tangu 2016, na kuanzia 2022 hata kidato cha tano na sita. Lakini ni wachache sana kati ya wanaorudi wanaompeleka mtoto Kayumba, kama shule hizo zinavyoitwa mitaani, ambako somo linafundishwa kwa Kiswahili na darasa lina watoto wengi kuliko viti. Wengi huenda shule za Kiingereza za binafsi. Wenye uwezo mkubwa hutazama International School of Tanganyika, iliyoanzishwa 1963, ambayo ada yake huhesabiwa kwa maelfu mengi ya dola na madarasa yake yako Upanga na Masaki, upande mwingine kabisa wa foleni ya Bunju. Hata kwenye shule za Kiingereza, Kiswahili kinabaki somo la mtihani. Mtoto wa Leicester ana Kiswahili cha kusikia: anaelewa anapoitwa kula, anaelewa anapogombezwa, ila insha ya kurasa mbili ni jambo lingine. Kuna pia somo lisilo kwenye ratiba. Siku ya kwanza bibi anasimama mlangoni akisubiri shikamoo, mjukuu anampungia mkono, bibi anaendelea kusubiri. Shangazi anainama na kumnong'oneza mtoto sikioni, shikamoo inatoka kwa lafudhi ya Midlands, marahaba inaitikiwa kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na ukoo mzima unaanza kupumua.

Kipato kina tabia ya kuwatenganisha wanaorudi makundi mawili. Kuna wanaorudia kiti kilichowekwa tayari. Tido Mhando aliiongoza idhaa ya Kiswahili ya BBC, akarejea 2006 kuongoza shirika la utangazaji la taifa. Charles Hilary alitangaza Ujerumani na London kabla ya kurudi Azam na baadaye Ikulu ya Zanzibar. Hawa walirudi na jina lililotangulia, na taaluma ambayo wasikilizaji wake walikuwa hapa hapa muda wote. Wanatajwa sana na wanafariji, lakini si kipimo cha mtu wa kawaida.

Kundi la pili ndilo kubwa. Daktari aliyesomea nje hupitia Baraza la Madaktari, nesi hupitia Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhandisi hupitia bodi yake ya usajili, mwanasheria hukutana na Shule ya Sheria kwa Vitendo, na shahada ya nje hutazamwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Njia hizo ni ndefu lakini zipo. Tatizo gumu zaidi ni la ujuzi usio na soko. Watanzania wengi wa Uingereza wamefanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao, kazi yenye mafunzo, vyeti na mshahara wa kujengea nyumba Chamazi. Chamazi mzee anatunzwa na binti yake au na dada wa kazi. Miaka 15 ya uzoefu haiuziki hapo kwa bei yoyote inayofanana na ile ya kule. Ndiyo maana aliyebeba boksi miaka yote huishia biashara ambayo hajawahi kuifanya: duka la vifaa vya ujenzi, kuku wa mayai, bajaji tatu alizowapa madereva kwa hesabu ya siku. Baadhi zinasimama. Nyingi hufa mwaka wa kwanza, na si kwa uvivu. Mwenye mali hajui bei ya chakula cha kuku inapandaje Novemba, wala dereva gani husema gari limelala gereji wakati liko Kigogo linakusanya nauli.

Na mtaji unavuja kutoka upande mwingine. Mtu wa nje alikuwa akituma pesa mara moja kwa mwezi, na umbali ulimlinda. Akirudi anakuwa mtu wa kadi za michango: kikao cha harusi Jumapili, msiba Jumanne, mtoto wa binamu anayeingia chuo. Kukataa ni kugumu kwa sababu kila mtu amekwishaiona nyumba. Wanaoifahamu desturi hutenga kiasi cha mwezi na kukitaja mapema kwa kaka mkubwa, ili yeye ndiye awajibu wengine. Inaonekana kama ukali, lakini imeokoa biashara nyingi kuliko ushauri wa benki.

Inafaa kutazama mfano wa Waswahili waliohamishwa na historia upande wa pili wa bahari. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitawanyika. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, na maelfu walifika Muscat kutoka Zanzibar, bara na kwingineko. Wengi hawakuwa wamewahi kuiona. Watoto walizungumza Kiswahili, Kiarabu chao kilikuwa cha madrasa, na wenyeji waliwaita Wazanzibari kwa sauti ambayo si ya sifa kila mara. Kwa vipimo vyote vya kawaida walikuwa wageni. Lakini dola lilikuwa na mafuta na halina watu waliosoma, nao walikuwa na Kiingereza na vyeti. Walipewa uraia, wakawekwa wizarani, kwenye shule na kwenye kampuni ya mafuta. Nyumba ikaja baadaye. Kizazi kimoja baadaye walikuwa sehemu ya nchi, na Kiswahili bado kinasikika majumbani Muscat.

Tofauti na Dar es Salaam iko kwenye mpangilio wa mambo. Oman ilitoa uraia na kazi kwanza, nyumba ikafuata vilivyotangulia. Anayerudi Bunju ana nyumba bila ajira, na kwa baadhi ya wanafamilia bila uraia. Ni kweli Tanzania haina visima vya mafuta vya kugawia ajira, na hakuna serikali inayoweza kumtafutia kila anayerudi kiti cha Tido Mhando. Uraia, hata hivyo, haugharimu mafuta.

Kwa sababu ya mashaka hayo yote, familia nyingi hazirudi kwa mkupuo. Baba anatangulia mwaka, mama na watoto wanabaki; au mama anarudi na mdogo, mkubwa anamalizia shule kwa shangazi. Nyuma yao kuna saa inayokwenda. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza hupotea kwa kawaida mtu akikaa nje miaka miwili mfululizo. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaiweka kadi yake hatarini. Hivyo mwanafamilia ambaye hakuchukua uraia wa nje, yule aliyeilinda pasipoti yake ya Tanzania kwa uaminifu, ndiye mwenye muda mfupi zaidi wa kujaribu maisha ya Temeke kabla mlango wa nyuma haujafungwa. Aliyebadili uraia anaweza kujaribu miaka mitano, akashindwa, akarudi Leicester bila kuulizwa. Sheria mbili za nchi mbili, kila moja ikiwa na mantiki yake, zikikutana zinamwadhibu mwaminifu.

Ndipo wengi huamua kusubiri watoto wakue. Watoto wakikua hawaji, na safari ya familia inageuka safari ya wastaafu wawili. Pensheni ya serikali ya Uingereza hutaka angalau miaka 10 ya michango, na 35 kwa kiwango kamili. Inalipwa hata ukiishi Tanzania, lakini nyongeza ya kila mwaka wanayopata walioko kule haikufuati huku. Kiwango unachoanza nacho ukiwa Dar es Salaam ndicho utakachokula ukiwa na miaka 85, isipokuwa pauni ikupendelee dhidi ya shilingi. Na ghorofa ya vyumba sita iliyochorwa kwa ajili ya watoto wanne ina ngazi za kupanda kwa magoti ya miaka 67, huku hospitali za rufaa za Muhimbili na Mloganzila zote zikiwa mbali na Bunju kwa saa ambayo hakuna anayeweza kuitabiri. Wapo waliokwishagawa nyumba: wenyewe chini, mpangaji juu kwa kodi ya miezi sita sita, na kodi hiyo ikalipia bima ya afya. Wengine wamepangisha yote na kuchukua nyumba ya vyumba viwili Kinondoni, karibu na barabara ya lami, duka la dawa na msikiti au kanisa walilokulia.